Mbwa yuko njiani, na Hajati hajaambiwa

Shangazi, shikamoo.

Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Tumepanga Tandika, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, choo na bafu viko uani. Sisi tuna vyumba viwili vinavyotazamana. Mama mwenye nyumba, tunamwita Hajati, anakaa chumba cha mbele na muda mwingi utamkuta barazani. Kodi tunalipa miezi sita sita na tangu tuingie hatujakosana naye, isipokuwa mara moja kwa sababu ya LUKU.

Mume wangu ni dereva wa malori ya Congo. Akiondoka ni wiki tatu, wakati mwingine tano. Safari iliyopita alimwahidi mtoto kwamba akirudi tena atamletea mbwa. Ana rafiki yake Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, ambaye mbwa wake wa aina ya jamani shepadi amezaa, na amemwekea kitoto kimoja cha kiume. Mtoto ameshakipa jina, ameshatenga na sahani.

Mimi nauza duka la dawa Kariakoo. Natoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa mbili usiku, foleni ikikataa ni saa tatu. Mtoto anarudi shule saa tisa, anajifungia ndani na televisheni mpaka nirudi.

Mkataba wetu hausemi chochote kuhusu wanyama. Umeandikwa tu kwamba mpangaji asilete kero kwa wapangaji wenzake. Mume wangu anasema kisichokatazwa kimeruhusiwa, mbwa akishafika Hajati atazoea. Mimi naogopa. Sisi ndio Wakristo pekee humo ndani na halijawahi kuwa tatizo. Kuna mama anakaanga maandazi uani kuanzia saa kumi alfajiri, kuna binti ana mimba ya miezi mitano, na jirani wa nyuma anafuga vifaranga. Halafu panya nao wamejaa, wanatoboa hadi ndoo za unga.

Nimefikiria nimtafutie mtoto mnyama mwingine: paka, sungura, au samaki. Kijana mmoja hapa kona ananiuzia kobe. Tatizo jingine, mwanangu kifua humbana kidogo kipindi cha baridi. Baba yake anapakia wiki ijayo kurudi huku. Nifanye nini?

Mama J, Tandika

*

Marahaba, mwanangu.

Ukimaliza kusoma hapa, mpigie mumeo simu. Usingoje afike Tunduma. Kitoto cha mbwa kikishapanda kwenye kabini ya lori kimeshakuwa mtoto wa nyumba, na wewe ndiye utakayeonekana mchawi wa kukitoa.

Mwambie kwanza kwamba mnyama havuki mpaka mfukoni. Kuna kibali cha mifugo na kuna cheti cha chanjo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza akifikisha miezi mitatu. Kitoto kinachopitishwa kimyakimya maana yake hakina chanjo, na hakuna ajuaye mama yake aliumwa na nani. Kichaa kinaweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, bila kuonekana, na dalili zikishatokea hakuna dawa, iwe ni kwa mbwa au kwa mtoto. Wewe unauza dawa, hili sihitaji kukueleza mara mbili.

La pili ni la nyumba yenyewe. Jamani shepadi dume akikua anafika kilo 30 hadi 40. Watu wa Dar wanaomfuga wana uzio na geti, mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa. Ninyi choo chenu kiko uani. Saa nane usiku binti mwenye mimba anatoka na ndoo yake ya maji. Huyo mbwa atajuaje kwamba yule ni mpangaji na si mwizi? Ukimfungia chumbani kutwa nzima, atabweka mpaka mtaa mzima ujue umekwenda kazini.

Na la tatu mumeo hajalipima kwa sababu halimgusi. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa chukua ukumbi wenu. Mtu katoka bafuni na udhu wake, kanga imelowa, mbwa naye katoka mvuani, anakuja kumsalimia kwa ulimi. Kila swala, kila siku. Hajati hatazoea, na wala si kwamba ana roho mbaya. Hilo neno "kero" kwenye mkataba wenu litamtosha kabisa, na hata lisingekuwepo, kodi ya miezi sita ijayo angekuambia tu chumba anakihitaji mwanawe.

Kwa hiyo mbwa hapana. Siku mkijenga, hata kama ni chumba na sebule Chanika, mjadala utafunguliwa upya.

Lakini nikuulize, mwanangu. Umeandika barua ndefu kuhusu mbwa na paka, na katikati umepitisha sentensi moja kama mtu anayepitisha noti kwa konda: mtoto anajifungia ndani saa tisa mpaka urudi saa mbili. Ni saa tano hizo. Ana miaka tisa. Baba yuko Zambia, mama yuko kwenye foleni. Mimi sidhani kama huyu mtoto ameomba mbwa. Ameomba mtu wa kukaa naye, na baba yake, kwa nia njema kabisa, akamtajia mbwa.

Paka hatamwambia kwamba jiko la gesi halijazimwa, wala hatamuuliza kama ana kazi ya shule. Kabla ya mnyama yeyote, kaa na mama wa maandazi. Anaamka saa kumi alfajiri, bila shaka mchana kazi yake imekwisha. Mlipe chochote kwa mwezi ili mtoto akitoka shule apitie kwake, ale, afungue daftari mahali penye macho ya mtu mzima. Hilo likikaa sawa, ndipo tuzungumze paka.

Maana jibu langu ni paka. Ila wengine uliowataja nisiwapite kimya.

Kobe wa yule kijana wa kona usimguse. Kobe ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kumiliki bila kibali ni kosa. Anayeuza atakimbia na wewe utabaki naye mkononi. Kasuku ni hivyohivyo, kama atakuja na kasuku kesho.

Sungura nina kesi naye. Zamani nilipanga Buguruni, chumba cha bati lisilo na dari, nikanunua sungura wawili weupe kwa sababu walikuwa wazuri na hawapigi kelele. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulitoa zaidi masikioni, na hali ya hewa ikipita nyuzi 30 anaanza kuteseka. Januari na Februari Dar es Salaam inapita hapo karibu kila mchana, chini ya bati ndiyo usiseme. Nilirudi siku moja saa kumi jioni nikawakuta wote wamelala ubavu. Sijafuga tena. Chumba chenu kikiwa na dari na upepo unapita, labda, lakini utapambana na harufu ya mkojo na nyaya za televisheni zilizokatwa kwa meno.

Watu wa Iringa na Njombe wataniuliza mbona simtaji simbilisi, yule mnyama mdogo anayefanana na panya asiye na mkia. Nawajua, watoto wengi wa huko wamekua nao jikoni, wakisikia kisu kinakata mboga wanapiga miluzi. Ni wapole na mtoto anaweza kuwabeba. Lakini ni wanyama wa baridi, hawapendi kukaa peke yao, na wanahitaji majani mabichi kila siku kwa sababu miili yao, kama yetu, haitengenezi vitamini C. Tena katika nyumba inayopigana na panya, sikutumi wewe ukamweleze Hajati kwamba huyu ni tofauti.

Samaki waweke akiba. Nitakuambia ni kwa nini.

Paka ana hoja moja nzito kwenye nyumba yenu kuliko hoja zote za mtoto: panya. Wewe hutaenda kuomba ruhusa, utaenda na pendekezo. Halafu upande wa dini njia iko wazi. Imepokewa kwamba Mtume alisema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani. Usimnukulie Hajati hadithi, analijua hilo kuliko mimi na wewe. Nakuambia tu ili uende bila hofu.

Kabla ya kwenda kwake, pima kifua cha mtoto. Mtafute mtu mwenye paka ndani, shoga yako au fundi cherehani mwenye paka wa kulala kwenye vitambaa. Mpeleke mtoto huko alasiri mbili tatu kwa siku tofauti, amshike, amkumbatie, avute manyoya puani. Kisha msikilize usiku. Akikohoa, macho yakiwasha, akihema kwa mluzi, paka basi, na hapo ndipo samaki wa akiba wanaingia. Tena mwone daktari kuhusu hicho kifua kwa hali yoyote ile. Kwa samaki, pampu ndogo hula wati tatu hadi tano, pungufu ya balbu, na uliseme hilo mapema ili LUKU isiwagombanishe tena. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima dawa itoke kabla ya kuwamwagia. Mtoto wa miaka tisa atawapenda wiki ya kwanza sana, ya tatu kidogo. Ndiyo ukweli wenyewe.

Kifua kikiwa salama, nenda kwa Hajati. Nenda wewe mwenyewe, baada ya swala ya alasiri akiwa barazani, usimtume mtoto na usipige simu. Siku ya kudai kodi si siku yake. Anza na unga uliotobolewa. Mwambie unafikiria kuleta paka mmoja, mkubwa, aliyehasiwa, mwenye chanjo, na kwamba atajisaidia kwenye beseni chumbani kwako na si kwenye mchanga wa uani. Akichafua au akikwaruza mlango, unatengeneza wewe. Mkihama, anahama na ninyi. Kisha nyamaza, mpe nafasi aseme yake. Akikubali, yaandikeni hayohayo kwenye karatasi, mistari mitano inatosha, msaini wote wawili, mmoja wa majirani awe shahidi. Ndugu wa mwenye nyumba wana tabia ya kurithi nyumba bila kurithi makubaliano. Akikataa, umeshinda pia: umejua kabla mtoto hajamshika paka.

Kuna sharti moja utakaloomba kwa wapangaji wote, na usione aibu kuliomba. Wale vijana wanaopita na kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni", wakipita, pasiwe na mtu wa kununua ya panya. Panya aliyekula sumu anapepesuka, paka anamkamata kirahisi, na jioni unamzika paka. Mama wa maandazi ndiye wa kwanza kumshawishi. Naye atafurahi, maana sumu jirani na unga wa biashara haijawahi kuwa akili.

Sasa paka gani. Utapewa kitoto, kwa sababu vitoto viko kila mahali na kila mtu anataka kuvipunguza. Kikatae. Kitoto cha miezi miwili kinataka kula mara nne kwa siku na nyumbani kwako mchana hakuna mtu. Tafuta aliyevuka mwaka, anayeshikika, ambaye mwenyewe anasafiri au anahama. Dume ni nafuu kumhasi kuliko jike kumfunga kizazi, lakini yeyote kati ya hao ni sawa ilimradi lifanyike. Dume asiyehasiwa atanyunyizia mkojo ukutani, na harufu ile hata chokaa mpya haiifichi. Jike anaweza kushika mimba kabla hata hajatimiza nusu mwaka, anabeba siku 63 hadi 65, na Hajati aliyekubali paka mmoja ataamka ana sita. Nenda ofisi ya kata umuulizie afisa mifugo. Chanjo ya kichaa paka naye anapewa, kisha unairudia kila mwaka, na atakuelekeza kwa daktari wa mifugo wa upasuaji. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, uliza kama kuna chanjo ya bure. Mara nyingi huwa ipo.

Akifika, mfungie ndani wiki mbili au tatu. Paka hujifunza nyumba kabla ya kujifunza mtu, ukimwachia mapema atarudi alikotoka, hata kama ni Temeke ng'ambo ya barabara kubwa.

Chakula: dagaa waliochemshwa bila chumvi, vichwa vya samaki vilivyopikwa na kutolewa miiba, maini kidogo siku moja moja. Ugali kidogo si vibaya, ugali mtupu ni vibaya. Paka anahitaji nyama au samaki ili macho na moyo vifanye kazi. Anayelishwa wanga tu anaweza kuishia kipofu. Maziwa yatamharisha, ingawa picha zote za vitabu vya shule zinamwonyesha akiyanywa.

Beseni liwe na mchanga au maranda ya fundi seremala, na uchafu utolewe kila siku, bila kuruka. Hapa namfikiria yule binti mwenye mimba. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kijidudu cha toksoplazima ambacho ni hatari kwa mimba, lakini kinahitaji angalau siku moja nje ya mwili ndipo kiweze kuambukiza. Ukitoa kila siku umekikata mguu. Binti asiguse beseni, anawe mikono akishika udongo wa uani, ale nyama iliyoiva. Mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine kwamba paka wako anatoa mimba.

Na kwa sababu unauza dawa, nitakuonya kwa ukali. Usimpe paka panadol. Wala nusu, wala robo. Ini lake halina uwezo wa kuivunja na itamuua. Viroboto wakimwingia, usimpake dawa ya mbwa wala ile ya kunyunyizia ng'ombe. Nyingi zina permethrini au dawa za jamii yake, na kwa paka hizo ni sumu. Nenda kwa mtu wa mifugo, useme "paka" kwa sauti.

Kuna hesabu nataka uifanye na mumeo kabla ya kumleta. Paka aliyetunzwa huishi miaka 12 hadi 15. Kwa kodi zenu za miezi sita, hizo ni kodi 24 mpaka 30. Huyo mtoto atamaliza kidato cha sita paka bado yupo. Kila dalali atakayewaonyesha chumba aambiwe kwanza kwamba mna paka, kabla hamjatoa pesa ya kuonyeshwa. Kama mnaona hilo ni zito, leteni samaki, hakuna atakayewacheka.

Mumeo ndiye amwambie mtoto. Si wewe. Ahadi ameitoa yeye, aitengue yeye, kwa simu ya video akiwa amesimamisha gari, amwangalie mtoto usoni na aseme kwamba alikosea kwa kuwa hakumuuliza mwenye nyumba. Mtoto atalia. Mwacheni alie, msimkimbizie paka usiku huohuo kama pipi ya kunyamazisha. Baada ya wiki, baba akiwa nyumbani, waende wao wawili kumchukua. Na lile jina aliloandaa alitumie. Paka hana habari kwamba ni jina la mbwa.

Vifaranga vya jirani wa nyuma nimeviacha mwisho kwa sababu hapo sina dawa ya uhakika. Paka wengine wakichapwa na mama kuku mara moja hawarudii, wengine wanaona ni chakula cha siku zote. Mnunulie jirani tenga kubwa la kufunikia, kwa pesa yako, na umpelekee kabla paka hajafika, si baada ya kifaranga cha kwanza kupotea.